Aproni Ishirini na Tatu

Karani wa takwimu alipomuuliza Komando kama kifua chake kimewahi kutoa mluzi katika miezi kumi na miwili iliyopita, Komando alijibu hapana, macho makavu, na pampu yake ya pumu ilikuwa ndani ya soksi ya mguu wa kushoto.

"Umewahi kuamka usiku kwa kubanwa na pumzi?"

"Mimi nikilala ni gogo."

"Daktari amewahi kukuambia kwamba una pumu?"

"Daktari ananijulia wapi?"

Karani, binti mwenye miwani na sandali zilizoshonwa mara mbili, aliweka alama zake tatu kwenye fomu akamshukuru. Komando akanyanyuka kwenye benchi, akarudi kwenye mashine ya kukandia, akitembea kwa uangalifu ili kile kidude kisimkwaruze kifundo cha mguu. Nyuma yake wenzake walikuwa wamejipanga kungoja zamu, weupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, na kila mmoja alikuwa na jibu lile lile mdomoni.

Jibu hilo waliwekewa asubuhi na msimamizi. Huyu nyuma ya mgongo wake aliitwa Kalamu Tatu, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kalamu tatu mfukoni wala hakuwahi kuonekana akiandika. Alisimama juu ya kreti la mikate ili arefuke kidogo, akasema kwamba ofisi ya afya inahesabu wenye pumu mji mzima, mtaa kwa mtaa na kiwanda kwa kiwanda. Patakapoonekana pana wagonjwa wengi, wakubwa watakuja kupekua na kuamuru hili na lile.

"Sisi hapa ni wazima," alisema. "Anayejiona si mzima, ukuta anaujua."

Ukuta waliujua wote. Ulikuwa nyuma ya stoo ya unga, karibu na mlango wa nyuma, umepigiliwa misumari safu mbili, na kila msumari ulibeba aproni moja. Utaratibu wa kiwanda kile cha mikate ulikuwa huu: mtu akianza kikohozi kisichoisha, akawa anasimama katikati ya kazi na kutafuta hewa kama aliyepoteza kitu dirishani, hakuna aliyemfukuza. Hakupewa barua. Wenzake waliacha tu kusimama karibu naye, wakaacha kunywea kikombe chake, mpaka siku moja mwenyewe, baada ya zamu, akavua aproni, akapigilia msumari, akaitundika na kutokea mlango wa nyuma. Kiwanda hakikumfukuza mtu. Kiwanda kilikuwa na roho safi sana.

Aproni ile haikufuliwa, haikuchomwa, wala haikupewa mtu mwingine. Waliamini kwamba kifua kibaya hukaa kwenye nguo, na ukiigusa tu kimekuhamia. Ndiyo maana kila mfanyakazi aliandika jina lake kwa wino usiofutika ndani ya mfuko wa aproni yake tangu siku ya kwanza, isije ikatokea akavaa ya mwenzake kwa bahati mbaya. Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini upuuzi wenye nidhamu kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Mashine ziliharibika, mizani ilidanganya, saa ya ukutani ilisimama miaka miwili, ila aproni ya aliyeondoka haikuguswa hata siku moja.

Aproni ya saba kutoka kushoto, safu ya juu, ilikuwa ya dada yake Komando.

Dada ndiye aliyemwingiza Komando kazini, miaka kumi na sita nyuma. Siku ya kwanza Komando alibeba magunia mawili ya unga kwa mpigo ili kumwonyesha mzee wa tanuri kwamba mwanamke huyu hakuja kuuza sura, na jina likamganda hapo hapo. Miaka mitano baadaye dada akaanza kukohoa. Komando alijitia hamnazo. Huo ndio ukweli wake, na alikuwa akiukumbuka kila alipopita stoo: siku za mwisho hata yeye, mdogo wake wa damu, alikuwa anakula chakula cha mchana mwisho wa benchi.

Sasa zamu ilikuwa imemfikia yeye. Miezi minne. Siku ya mapumziko kifua kilifunguka, akapumua kama watu wengine, akapanda ngazi huku anaongea. Akirudi kazini, kufungua gunia la kwanza tu, kitu kilikaza kifuani kama kifuniko cha chupa. Alikwenda zahanati ya mbali asikojulikana, akapewa pampu, akawa anavutia chooni, mlango umefungwa na bomba limefunguliwa ili maji yafunike sauti. Wenzake walidhani ana tumbo bovu. Mzee wa tanuri alimtania kwamba angehamishia mashine ya kukandia huko huko chooni, asipate taabu ya kwenda na kurudi.

Saa sita na nusu, wakati wa kula, karani alimaliza. Alikuwa msichana mkweli, na wakweli wana kasoro moja: huonyesha usoni kila wanachofikiri. Alizipanga fomu zake, akazihesabu tena, akakunja uso.

"Kuna tatizo?" Kalamu Tatu aliuliza.

"Hakuna tatizo. Ni kwamba nimezunguka mji mzima. Kule juu mlimani, kwenye nyumba zenye bustani, kila watu kumi na wawili nimempata mmoja mwenye pumu. Madereva, walimu, wauza mitumba, popote nilipopita wapo, huku wengi, kule wachache. Mtaa huu wa nyuma ya kiwanda chenu, kila watu sita, mmoja. Hapa nimeuliza watu arobaini na mmoja." Akagusa rundo la fomu kwa kidole. "Hata mmoja hayupo."

"Si unaona?" Kalamu Tatu akawageukia wafanyakazi na tabasamu la mtu aliyepokea zawadi. "Mkate wetu ni dawa."

Baadhi wakacheka. Komando pia alicheka, kwa kuwa asingecheka angeonekana.

"Na huo mtaa wa nyuma," msimamizi aliendelea, "tatizo lao ni majiko. Wale wanawake wanapikia kuni ndani ya vyumba. Liandike hilo."

"Ndivyo itakavyosomeka," karani alisema polepole. "Wao watapewa mafunzo ya majiko. Hapa hapataguswa. Zile feni kubwa za kuvuta vumbi, ambazo ofisi inataka viwanda vilazimishwe kuweka, zitaanzia kwingine." Akaongeza kwamba angerudi kesho saa nne kugongewa muhuri, kisha fomu ziende zake.

Komando alikuwa na kipande cha mkate mdomoni, na kilikataa kushuka. Mtaa wa nyuma ulikuwa mtaa wake. Nyumbani kwao walikuwa wakipikia gesi mwaka wa saba huu.

Jioni alimkuta dada yake ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, mto mapajani, anachambua maharage kwenye sinia. Alikuwa amepungua mabega, dada, lakini ulimi haukupungua hata gramu moja.

"Yule binti wa miwani alipita huku?" Komando aliuliza kabla hata ya kuvua viatu.

"Alipita Jumanne. Ana adabu. Alinisubiri nikamaliza kukohoa, na unajua hilo ni la kusubiri."

"Alikuandikaje?"

"Pumu, ndiyo. Kisha akaniuliza sasa hivi nafanya kazi gani. Nikamwambia nakaa. Akaandika mama wa nyumbani." Dada akatupa punje mbovu dirishani. "Miaka minane nimebeba unga, nikageuzwa mama wa nyumbani kwa alama moja ya kalamu. Na nyumba yenyewe ya kupanga."

"Dada, hukumwambia kuhusu kiwanda?"

"Hakuuliza nilikotoka, mdogo wangu. Aliuliza nilipo."

Komando akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kuhesabu kwa vidole. Fundi viatu wa kona, aliyekuwa akipima unga. Mama wa chumba cha pili, aliyekuwa akichekecha. Yule baba wa mapacha ambaye siku hizi anauza vocha kwa kuwa ni kazi ya kukaa. Wote walitundika aproni, wote waliishi mtaa ule ule kwa sababu ndio mtaa wa watu wa kiwanda, na wote walikuwa wamehesabiwa kama wakazi wenye pumu, wapikaji kwa kuni. Kiwanda kiliwatoa kwa mlango wa nyuma, mtaa ukawapokea, na sasa mtaa ndio uliotiwa hatiani. Alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, hasira nzuri, ya moto, ambayo hakuwa nayo tangu aanze kujificha chooni.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia binti yao, mtoto wa dada, ambaye alimaliza shule miaka miwili iliyopita na tangu hapo alikuwa akitafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Mikononi alikuwa na kitu cheupe kilichokunjwa.

"Mama mdogo, nimepewa! Naanza Jumatatu. Wameniweka kwenye kuchekecha."

Akaikunjua, akaivaa pale pale, akajizungusha. Ilikuwa aproni mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Kisha akageuza mfuko nje kuwaonyesha jinsi alivyoandika jina lake vizuri, kwa herufi za kuchapa, wino bado unang'aa.

"Imekupendeza," dada alisema. Akageukia dirishani akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa kifupi, cha kufunika jambo lingine.

Binti alipotoka kwenda kuwaonyesha majirani, Komando aliendelea kuutazama mlango. Dada ndiye aliyeanza, bila kugeuka.

"Najua unachofikiri. Nimekujua tangu unanyonya. Usifanye lolote. Tunakula kwa mikono yako."

"Na kuanzia Jumatatu tutakula kwa kifua chake."

"Ukisema ukweli, unga wako umemwagika. Utakaa hapa na mimi, tutachambua maharage wawili."

"Dada, mimi tayari ninayo." Komando akavuta soksi chini, akaiweka pampu sakafuni kati yao. "Miezi minne."

Dada alikitazama kile kidude. Uso wake ukafanya jambo ambalo Komando hakupenda kuliona, ukazeeka mbele ya macho yake. "Uligusa aproni yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikukataza."

"Sikuigusa. Naapa. Miaka kumi na moja napita pale nimekunja mikono. Sijagusa yako wala ya mtu yeyote."

Waliangaliana. Kila mmoja alilizunguka neno hilo kwa upande wake. Ikiwa hakugusa, basi kifua hakikutoka kwenye nguo. Ikiwa hakikutoka kwenye nguo, basi ule mwisho wa benchi, kile kikombe cha peke yake, vyote vilikuwa bure. Dada alishusha sinia chini.

"Kwa hiyo walinitenga kwa ajili ya kitambaa," alisema.

"Tulikutenga," Komando alisema. "Na mimi nilikuwemo. Nisamehe, dada."

Dada hakusema amesamehe. Alinyoosha mguu, akaisukuma pampu kwa kidole gumba mpaka ikarudi karibu na goti la mdogo wake. "Kesho usiiweke kwenye soksi," alisema. "Inanuka miguu."

Kesho yake Komando aliingia kiwandani nusu saa kabla ya wenzake. Alivuta pampu mara mbili katikati ya chumba cha kukandia, mlango wazi, na mlinzi akaona akaachama. Kisha akachukua nyundo yenye makucha ya kubomolea makreti, akaenda nyuma ya stoo. Hakuna aliyekuwepo kuona alichofanya huko, ila baadaye walikubaliana kwamba kelele zile walizozisikia wakivaa hazikuwa za panya.

Kazi ilianza kama kawaida. Mashine kubwa ikakanda, unga ukafuka, donge la kwanza likamwagwa kwenye birika refu la mbao lipate kuumuka. Mashine ile ilikuwa kuukuu, ilikuwa na gia moja iliyokataa mkono wa mtu mwingine yeyote isipokuwa wa Komando, na siku hiyo kulikuwa na oda tatu za shule. Saa nne kasoro karani akafika na begi lake. Kalamu Tatu akamwekea meza ndogo katikati ya ukumbi, akaleta muhuri na kidau cha wino, hata chai.

Komando akazima mashine.

Ukumbi ule haukuzoea ukimya. Watu waligeuka kabla hawajajua wamegeukia nini. Wakamwona anatokea upande wa stoo, amebeba kifuani rundo la nguo za rangi ya vumbi, kidevu kimezikandamiza zisianguke, na juu ya aproni yake mwenyewe alikuwa amevaa nyingine, iliyokauka kwa miaka mpaka ikasimama yenyewe kwenye mikunjo. Mwanamke mmoja alirudi nyuma akapiga kisogo kwenye rafu ya trei. Njia ikafunguka mbele ya Komando, pana, kama wanavyopishwa wenye nyuki.

Akazimwaga zote juu ya meza, juu ya fomu, juu ya muhuri. Chai ilimwagika.

"Ishirini na mbili," alimwambia karani. "Na hii niliyovaa, ya dada yangu, ishirini na tatu. Jana ulihesabu waliobaki. Leo hesabu na hawa."

Karani alikuwa amesimama, mikono juu. "Hizi ni nini?"

"Ni watu. Kila moja ina jina mfukoni. Wote walibanwa kifua humu ndani, wote wakaondoka. Dada yangu umempata mtaani ukamwandika mama wa nyumbani. Fundi viatu wa kona umemwandika fundi viatu. Nusu ya wagonjwa wa mtaa ule ni wa hapa."

"Toa takataka hizo mezani," Kalamu Tatu alisema.

"Zitoe wewe."

Msimamizi akanyoosha mkono. Mkono ulifika juu ya rundo ukakaa hapo, vidole vimetanuka, haushuki wala haurudi. Naye aliuamini ule ukuta kama wao, pengine kuliko wao. Watu wote walikuwa wakiutazama mkono ule. Mwishowe akauingiza mfukoni, kwenye zile kalamu, kana kwamba ndiko ulikokuwa unakwenda tangu mwanzo.

"Mama," karani alisema, "fomu yangu ni ya walio kazini. Ndivyo nilivyoagizwa. Aliyepo kwenye rejista, namuuliza. Asiyekuwepo—"

"Mwenye pumu haruhusiwi kuwepo. Sasa wewe unakwenda mlangoni mwa hospitali, unawauliza wanaotoka kwa miguu yao kama kuna aliyekufa ndani. Watakwambia nini?"

Karani alivua miwani, akaipangusa unga kwa ncha ya blauzi, akaivaa, na unga ukawa umerudi tayari. Aliutazama ule unga kwenye vioo, kwa ndani, kama mtu anayesoma.

"Jana usiku sikulala vizuri," alisema. "Sufuri ile ilinikataa. Sikujua nimuulize nani." Akavuta kiti, akaketi. Akachukua aproni ya juu kabisa, kwa mikono mitupu, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Akageuza mfuko nje, akasoma jina kwa sauti. "Huyu alikuwa anafanya nini hapa, na yuko wapi?"

Komando alijua jibu, lakini alifunga mdomo. Alitaka litoke kwingine. Alisimama pale, kifua kimeanza kukaza, akijiambia kwamba wasiposema sasa, basi amejimaliza bure, na Jumatatu binti atafunga kamba za aproni mgongoni na kuingia.

"Mpima unga," ilisema sauti kutoka kwenye tanuri. Alikuwa yule mzee, hajageuka, anatoa trei. "Siku hizi anashona viatu pale kona. Miaka minne alikuwa hapa."

Karani alikuwa amegeuza fomu, anaandika mgongoni mwake. Akachukua ya pili, akasoma.

"Huyo ni shemeji yangu," alisema mwanamke wa rafu. "Alikuwa anachekecha. Yupo kwao, hatembei mbali."

Ya tatu. Ya nne. Sauti zilitoka huku na huku, za chini, kama za watu wanaoungama. Kwa aproni moja hakuna aliyejua lolote, iliachwa pembeni. Kwa nyingine mzee wa tanuri alisema, "Huyo tulimzika," na karani akaacha kuandika kwa muda, kisha akaandika. Walipofika mwisho, Komando akageuza mfuko wa aproni aliyovaa. Jina la dada yake lilikuwa limefifia, lakini lilisomeka.

"Sasa niulize mimi tena," alisema. "Yale maswali ya jana."

"Komando," msimamizi alisema, kwa upole wa kutisha. "Fikiri."

"Nimefikiri miezi minne. Nilikuwa na muda mwingi kule chooni." Mtu akacheka, akajizuia. Komando akatoa pampu mfukoni, akaivuta mbele yao, akaishikilia pumzi, akaitoa taratibu. "Kifua kutoa mluzi, ndiyo. Kuamka usiku, ndiyo. Daktari kuniambia, ndiyo, ana kipara na anaitwa dokta wa zamu. Siku ya mapumziko napona, siku ya kazi naugua, liandike na hilo hata kama halimo. Na andika kwamba sikuwahi kugusa nguo ya mtu. Nimeipata humu, hewani, kama dada yangu. Jumatatu binti yetu alikuwa aanze hapa. Haanzi. Aproni yake ipo nyumbani, nyeupe, na itabaki nyeupe mpaka zile feni ziwe zimefungwa."

Karani aliandika yote. Mkono wake ulikuwa na kasi.

Kalamu Tatu alingoja mpaka kalamu iliposimama. Alikuwa amepata tena sauti yake ya juu ya kreti. "Vizuri. Umesema mwenyewe, mbele ya mashahidi. Sijakufukuza. Hakuna anayekufukuza hapa. Utaratibu unaujua, Komando. Vua aproni, katundike."

Basi hapo ndipo walipojua kelele za asubuhi zilikuwa za nini. Komando alitia mkono kwenye mfuko wa aproni ya dada yake, akatoa ngumi iliyojaa, akaifungulia juu ya meza. Misumari ilimwagika, mingine yenye kutu, mingine imepinda, miwili ikabingirika mpaka ukingoni ikaanguka sakafuni. Ilikuwa ishirini na tatu, na mmoja mpya kabisa, ambao mtu fulani alikuwa ameupigilia mapema kungoja aproni yake mwenyewe.

"Nitundike wapi?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Donge lilikuwa limeumuka mpaka ukingo wa birika na shule tatu zilikuwa zikingoja mkate. Alijifunga vizuri kamba za aproni zote mbili, akaiwasha mashine, akaipiga ile gia kwa kiganja mahali anapopajua yeye tu, ikashika. Kwa juu ya bega la kushoto aliona Kalamu Tatu bado amesimama pale pale, anaangalia misumari.

Nyuma yake benchi likakokotwa sakafuni. Mzee wa tanuri alikuwa amejifuta mikono, ameketi mbele ya karani, kofia yake magotini.

"Niulize tena, binti yangu," alisema. "Jana nilijibu kwa haraka."